Lijue Doa Kabla ya Kuliosha

Nguo nzuri haipatikani bure. Mtu huuza debe la mahindi ndipo anunue shati au kitenge. Doa likiingia, nguo inageuzwa ya shamba. Lakini mara nyingi si doa linaloharibu nguo, bali haraka yetu. Tunakimbilia maji ya moto na kusugua kwa nguvu. Tujiulize kwanza: hili ni doa la nini?

Damu: Loweka katika maji baridi yenye chumvi kwa nusu saa, kisha fua kwa sabuni. Usitumie maji ya moto. Damu ni kama yai. Ikipata moto inaganda na kushika nyuzi. Maziwa na mayai ni hivyo hivyo.

Mafuta: Maji peke yake hayatoi mafuta. Nyunyiza unga wa mahindi juu ya doa, uache unyonye mafuta, kisha kung'uta. Paka sabuni, fua kwa maji ya uvuguvugu.

Kutu: Kamulia limau, tia chumvi, anika juani, halafu suuza. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, maana limau huweza kuchujisha rangi.

Na viatu je? Viko viatu vya ngozi yenye manyoya laini, tunavinunua mitumbani. Hivi havitaki maji mengi wala kiwi. Vikiingia tope, acha likauke kabisa, kisha piga brashi kavu. Hata mswaki wa zamani unafaa. Vikidondokewa na mafuta, nyunyizia unga wa chaki, viache mpaka asubuhi, ndipo upige brashi. Usivianike kwenye jua kali, ngozi itakakamaa.

Sasa tuangalie hatari. Wengine hutoa madoa kwa petroli. Mvuke wake hausikii umbali. Unaweza kusafiri hadi jikoni ukashika moto, nyumba ikateketea. Tusifanye hivyo. Pia, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe kamwe na limau wala siki. Hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Dawa hizo tuziweke mbali na watoto.

Mwisho, nguo isipigwe pasi kabla doa halijatoka. Joto hulikaza. Rudia kuosha, hata mara tatu. Shati ni moja, lakini maji baridi na subira tunavyo.