Karo ya Uuguzi: Serikali Inasaidia Hadi Wapi, na Kikundi Kianzie Wapi?



Hapa kwetu Mowlem mgonjwa akizidiwa usiku hukimbizwa Mama Lucy Kibaki, na mara nyingi wa kwanza kumpokea ni muuguzi. Sote twataka wauguzi wawe wengi. Lakini mtoto wa mwanachama akipata nafasi ya kusomea kazi hiyo, furaha haikai siku mbili. Karo itatoka wapi? Iwe mtaani au kule mashambani, swali ni lile lile. Tumeona tulieleze.

1. Nafasi
Chuo cha serikali, KMTC, kilianza mwaka 1927. Sasa kina matawi zaidi ya 70, kwa hivyo si lazima mtoto aje Nairobi. Diploma ya uuguzi ni miaka 3. Anayeomba awe na C katika KCSE, apate C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Maombi hupitia KUCCPS. Nafasi haiuzwi. Anayedai "chai" ili mtoto aingie ni mwizi tu.

2. Karo
Serikali husaidia, lakini hailipi yote. Mwanafunzi wa KMTC anaweza kuomba mkopo wa HELB, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Ni mkopo, si zawadi: hurudishwa na riba. Basari nazo huja kwa msimu. Ulizeni kwa chifu au kwa mwakilishi wadi ni ipi iliyo wazi.

Shida ni kwamba pesa hizi zinaweza kuchelewa, na chuo hungoja karo siku ya kuripoti. Mtoto akikosa kuripoti, nafasi yaweza kupotea. Pengo hilo ndilo kikundi kinaweza kuziba. Kopesheni karo ya muhula wa kwanza, mwandike katika kitabu cha mikutano nani atalipa na lini, na pesa ziende kwenye akaunti ya chuo, si mkononi mwa mtu.

3. Chuo cha kibinafsi
Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni Baraza la Wauguzi la Kenya kama chuo kimeidhinishwa kufundisha uuguzi. Asiyefanya mtihani wa Baraza na kusajiliwa haruhusiwi kisheria kufanya kazi ya uuguzi, hata awe na cheti kizuri namna gani. Kuna mzazi aweza kuuza ng'ombe wote, kisha mtoto arudi nyumbani na karatasi tu.

4. Kazi
Tusidanganyane: kumaliza shule si kuajiriwa. Tangu mwaka 2013 kaunti ndizo huajiri wauguzi wengi wa hospitali za umma, na huajiri kulingana na bajeti. Ndiyo maana wako waliosajiliwa na bado wamekaa nyumbani, huku wodi zikilia. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza ili baadhi yao wapate kazi huko. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nendeni mkaulize: mwaka huu mtaajiri wauguzi wangapi?

Ya kujadili katika mkutano wenu
- Ni watoto wangapi wa wanachama walio na alama zinazotakiwa?
- Mfuko wetu unaweza kukopesha karo ya mtoto mmoja bila kuvunjika?
- Ni nani atakayetuwakilisha kwenye mkutano wa bajeti?