Tundu la kamera: nani anaonekana wazi katika video yetu?



Familia zilizokimbia vita zinapigwa video mara nyingi. Wanahabari wanakuja, mashirika yanakuja, na siku hizi vijana na akina mama wenyewe wanashika kamera katika kazi za upatanisho. Kabla ya kurekodi tunajadili sana maneno yatakayosemwa. Ni vizuri tujadili pia kitu kidogo kilicho ndani ya kamera ambacho kinaamua nani ataonekana wazi na nani ataonekana kama ukungu. Kitu hicho ni tundu la lenzi.

Tundu la lenzi ni nini?

Ndani ya lenzi kuna vipande vyembamba vilivyopangwa kwa mduara, na katikati yake kuna tundu linalopitisha mwanga. Linafanya kazi kama mboni ya jicho: gizani inapanuka, juani inapungua. Ukubwa wake unaandikwa kwa herufi f na namba: f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16.

Wengi wanachanganyikiwa hapa, kwa sababu namba ndogo ina maana ya tundu kubwa. Namba hiyo inapatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2 ina tundu la milimita 25; ikiwekwa f/8 tundu lina milimita 6 tu na kidogo. Ukipanda namba moja katika orodha hiyo, mwanga unaoingia unapungua kwa nusu.

Kina cha picha

Kamera inalenga umbali mmoja tu. Aliye mbele au nyuma ya umbali huo anaanza kufifia. Sehemu ambayo bado inaonekana wazi, kuanzia mbele hadi nyuma, tunaiita kina cha picha. Tundu likiwa kubwa, kina kinakuwa kifupi. Tundu likiwa dogo, kina kinakuwa kirefu.

Tuchukue mfano wa kamera kubwa yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50, na mtu aliyekaa mita 2 kutoka kwenye kamera. Kwa f/2, kina ni kama sentimita 20: uso uko wazi, lakini ukuta ulio nyuma unapotea. Kwa f/8, kina kinafika kama sentimita 80. Kwa f/16, kinakaribia mita 2. Kurudi nyuma pia kunasaidia: ukisimama mita 4 kwa f/8, kina kinazidi mita 3.

Katika mkutano wa upatanisho

Tuseme wazee wa jamii mbili wamekaa, mmoja mbele na mwingine nyuma yake kidogo. Kamera iliyofunguliwa f/2 itamwonyesha wa kwanza vizuri na kumfanya wa pili kuwa kivuli. Mpiga video hakuwa na nia mbaya, lakini watu wa yule mzee wa pili wakiona video hiyo watasema: “Mmemdharau mzee wetu.” Penye majeraha, jambo dogo linawasha moto.

Kwa hiyo wazee wakae umbali sawa kutoka kwenye kamera, nayo iwekwe f/8 au f/11 kama mwanga unatosha. Wale wanaosikiliza waonekane pia, kwa maana makubaliano ni ya wote waliokuwapo.

Ndani ya hema na nje juani

Kamera inayojipanga yenyewe mara nyingi hufungua tundu ndani ya hema la shitingi, kwa sababu mle mna giza. Kina kinakuwa kifupi, na msemaji akiegemea mbele kidogo uso wake unafifia. Afadhali akae karibu na mlango, mwanga umpige usoni.

Nje saa sita mchana, kamera hufunga tundu. Sasa kila kitu kinaonekana wazi: msemaji, jirani anayepanga foleni ya maji, watoto, namba iliyoandikwa kwenye hema. Hao hawakuulizwa kama wanakubali.

Ukungu si ulinzi

Tunasisitiza jambo hili. Shahidi anayeogopa kutambuliwa asiambiwe kwamba atafichwa na ukungu wa lenzi. Mtu anajulikana kwa sauti, kwa kitenge chake, kwa umbo, kwa namna anavyotembea. Anayehitaji kufichwa, mikono yake tu ipigwe, sauti ibadilishwe, jina lisitajwe. Kama hatari ni kubwa, asipigwe kabisa.

Tahadhari zaidi ni kwa simu. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika na kihisi kidogo sana, hivyo karibu kila kitu kinatoka wazi. Ukungu unaouona nyuma ya mtu mara nyingi umetengenezwa na programu. Programu hiyo hukosea kwenye nywele na mabega, na katika simu kadhaa ukungu unaweza kuondolewa baadaye. Kwa simu, ulinzi wa kwanza ni kuchagua mahali: mtu akae mbele ya ukuta mtupu, pasiwe na mpita njia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Viongozi wa kambi na wakuu wa familia, msione haya kumwuliza anayepiga video:

- Nyuma yangu kuna nani, na ataonekana wazi?
- Naweza kuangalia picha kabla hujaanza?
- Video itaonyeshwa wapi, na kwa nani?
- Nikibadili mawazo, utaifuta?

Mpiga video mwema atageuza kamera na kukuonyesha. Asiyetaka kukuonyesha, una haki ya kumkatalia, hata kama amekuja na gari kubwa. Sura yako ni yako, na ya jirani yako ni yake. Tukiheshimu hilo wakati wa kurekodi, video zetu zitasaidia watu wasikilizane badala ya kuwaongezea woga.