Koili ya Jiko la Umeme: Kutengeneza ya Zamani au Kununua Pleti Mpya?

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Kwa kaya za Ifakara, Mang'ula na Mlimba zilizounganishwa na umeme, hatua ya kwanza huwa ni jiko dogo la umeme linalowekwa kando ya jiko la mkaa. Baada ya muda koili hukatika, na mwenye jiko hujiuliza: nimpelekee fundi, au ninunue jingine?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: tofauti ya gharama kati ya kutengeneza na kununua kipuri kipya kwa kawaida ni ndogo. Fedha nyingi huliwa na uniti za umeme, na hatari kubwa huletwa na koili iliyotengenezwa vibaya. Katika kurasa hizi tunaeleza sababu zake.

Aina mbili za majiko

Jiko la koili ya wazi lina waya mwembamba uliosokotwa kama springi na kulazwa katika mifereji ya kigae. Waya huo ni mchanganyiko wa metali, aghalabu nikeli na kromi, unaostahimili joto kali. Ukikatika, fundi anaweza kuunga ncha zake, kusokota waya mwingine, au kuweka koili mpya iliyo tayari, ambayo kiasi cha wati huandikwa kwenye pakiti yake.

Jiko la pleti lina waya wa namna hiyohiyo, lakini umefungiwa ndani ya sahani ya chuma pamoja na kizuia umeme. Waya wa ndani ukiungua, hautengenezeki. Pleti nzima hubadilishwa.

Kila aina ina faida yake. Koili ya wazi huwahi kupata moto, na kipuri chake ni nafuu. Lakini wali ukifurika, maji ya wanga na chumvi hudondoka moja kwa moja juu ya waya na kuudhoofisha. Pleti huchelewa kupata moto, ila haidhuriki upesi kwa kumwagikiwa, na ikishazimwa hubaki na joto kwa dakika kadhaa. Mpishi wa wali anaweza kuzima jiko maji yanapokauka na kuuacha wali uivie juu ya joto hilo, kama ambavyo angeupalia mkaa. Pleti inahitaji sufuria yenye kitako bapa. Sufuria iliyobonyea huigusa kwa sehemu ndogo tu, na joto jingi hupotea.

Hesabu ya kipuri

Ili kulinganisha kwa haki, jumlisha bei ya kipuri na ujira wa fundi, kisha gawanya kwa miezi ambayo kipuri kitadumu. Tuseme, kwa mfano tu, koili na ufundi ni shilingi 5,000, na koili inadumu miezi 3: gharama ni takriban shilingi 1,670 kwa mwezi. Tuseme pia pleti na ufundi ni shilingi 30,000, nayo inadumu miezi 24: gharama ni shilingi 1,250 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 420 hivi. Weka bei za dukani kwako katika hesabu hiyo uone inavyotoka.

Hesabu ya uniti

Wakazi wa bonde hili ni majirani wa mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, na Kihansi, yenye megawati 180. Hata hivyo, ujirani huo haupunguzi bei; mteja wa gridi ya Taifa wa Ifakara hulipa sawa na mwenzake wa daraja lake aliyeko Dar es Salaam.

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, uniti moja kwa mteja wa matumizi ya kawaida, yaani daraja la T1, ni shilingi 292. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani pamoja na tozo za nishati vijijini na za udhibiti, hufikia takriban shilingi 356. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa moja hutumia uniti moja. Kwa hiyo mama lishe anayewasha jiko hilo saa 4 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia uniti 104, ambazo ni kama shilingi 37,000. Ile shilingi 420 ya tofauti ya vipuri ni zaidi kidogo tu ya thamani ya uniti moja.

Kaya zilizo katika daraja la D1 zina jambo jingine la kuangalia. Katika daraja hilo uniti 75 za kwanza kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, lakini kila inayozidi hutozwa shilingi 350. Kaya iliyozoea uniti 30 za taa na televisheni ikianza kupika saa 2 kwa siku kwa jiko la wati 1,000 huongeza uniti 60, na hivyo kuvuka mpaka kwa uniti 15. Mteja ambaye matumizi yake yanazidi 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa daraja la T1. Piga hesabu hii kabla ya kuliacha jiko la zamani.

Koili iliyofupishwa

Koili inapokatika, baadhi ya mafundi huondoa kipande kilichoungua, huvuta sehemu iliyobaki na kuiunga. Jiko huwaka, tena kwa wekundu mkali kuliko zamani, na mteja huondoka ameridhika. Hapo ndipo tatizo huanza.

Urefu wa waya ndio unaozuia umeme usipite kwa wingi mno. Koili ya wati 1,000 ikipunguzwa sehemu moja ya tano ya urefu wake, kwa umeme wa volti 230 huwa jiko la wati 1,250. Waya ni mfupi zaidi na joto ni jingi zaidi. Hivyo kila sentimita iliyobaki hutoa joto kwa asilimia 56 zaidi ya ilivyokusudiwa. Ndiyo maana koili hiyo hukatika tena upesi. Ikifupishwa mara ya pili na ya tatu, waya wa jiko, plagi na soketi hubeba mkondo unaozidi uwezo wao, huyeyuka na huweza kuwasha moto.

Upande wa fedha nao unaumia. Maharage yakishachemka huhitaji moto mdogo, na majiko mengi ya koili ya wazi hayana kitufe cha kupunguza moto. Mama lishe wetu wa mfano, akiliwasha jiko hilo kwa saa zilezile, atatumia uniti 130 badala ya 104. Hasara ni zaidi ya shilingi 9,000 kwa mwezi, kwa sababu ya ukarabati ulioonekana kuwa rahisi.

Jinsi ya kupima

1. Kwa fundi: mwombe apime ukinzani wa koili kwa kipimo chake kabla hujalipa. Koili ya wati 1,000 huwa na takriban omu 53, na ya wati 1,500 takriban omu 35. Kipimo kikiwa chini sana ya hapo, koili imefupishwa au si ya jiko lako.

2. Nyumbani: zima vifaa vyote vingine, soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, washa jiko kwa dakika 30, kisha soma tena. Jiko la wati 1,000 linapaswa kutumia nusu uniti hivi. Umeme ukiwa hafifu litatumia pungufu. Likitumia zaidi sana, lirudishe kwa fundi.

Usalama na haki zako

Sufuria ya alumini ikigusa koili ya wazi iliyolegea, sufuria nzima huwa na umeme. Zima swichi ya ukutani kabla ya kuweka au kutoa sufuria, na usikoroge kwa kijiko cha chuma jiko likiwa limewashwa. Hakikisha jiko lina plagi ya pini tatu na kwamba waya wa ardhi umeunganishwa. Usiunganishe jiko kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Wakati wa masika, jiko lisikae kwenye sakafu yenye unyevu, na mpishi asisimame pekupeku.

Unaponunua, angalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), soma wati zilizoandikwa, na udai risiti. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha kwamba muuzaji ndiye aliyekuuzia bidhaa mbovu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakulinda dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC). Malalamiko kuhusu uniti au mita yaanzie TANESCO. Usiporidhika, yafikishe EWURA.

Ushauri wetu basi ni huu. Anayepika muda mfupi anaweza kubaki na koili ya wazi, mradi kila inapokatika aweke koili mpya yenye wati zilizoandikwa kwenye jiko, isiungwe. Anayepika saa nyingi, au mwenye watoto wadogo, achague pleti yenye kitufe cha kupunguza moto. Na kwa yeyote kati yao, fundi akikuambia kwamba koili ya zamani bado inaungika, mwombe kwanza aipime mbele yako.