USIPOZIBA UFA: HATA MOYO HUZIBWA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wapenzi wasomaji, methali hii yahusu moyo sawa na nyumba.

Hapa kwetu Kenya, vijana wengi huharibikiwa na moyo kwa sababu ya homa ya baridi yabisi. Huanza na koo kuuma tu. Lisipotibiwa, kinga ya mwili inayopigana na viini huweza kugeuka na kushambulia vali, yaani vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Vali ikiharibika kabisa, daktari hupasua kifua na kushona nyingine ya bandia.

Dada yangu mkubwa alishonewa moja. Kila jioni mama humwuliza, "Umechoka leo?" Zamani nilidhani ni maneno ya mama tu. Kumbe wakati mwingine mshono huachia, kukawa na tundu kando ya vali! Damu huvuja ikirudi ilikotoka. Mgonjwa huishiwa na pumzi, miguu ikafura. Tena chembe nyekundu za damu huvunjika zikipita kwa kasi tunduni, akapungukiwa na damu.

Kupasua kifua mara ya pili si mchezo, kwani makovu hushikamana na moyo. Ndipo madaktari hutumia katheta. Huu ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakiongozwa na picha za eksirei na za mawimbi ya sauti. Ndani yake mna kizibo cha nyaya za nikeli na titani, kimekunjwa kama mwavuli. Kikifika tunduni hufunguka na kuziba. Lakini vali ikiwa imelegea sana au ina viini, hakuna budi kupasua tena.

Aliyethubutu zamani ni Werner Forssmann wa Ujerumani. Mwaka 1929 alijiingizia mrija mkononi hadi moyoni mwake, kisha akatembea mwenyewe kwenda kupigwa eksirei! Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Leo, jirani zetu Tanzania wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayotibu kwa katheta.

Wenzangu, koo likiuma usinyamaze ukinywa chai ya tangawizi pekee. Nenda zahanati, na ukipewa penisilini, maliza dawa zote. Ufa wa koo ni rahisi kuziba kuliko wa moyo.