Mbao za Kukwamulia Lori ni Kifaa cha Kazi



Kila mwaka, mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinaponyesha katika mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda, tunaliona jambo lile lile. Lori limepakia majani mabichi, limeshuka bondeni, na magurudumu ya nyuma yamezama. Dereva anakanyaga mafuta, matope yanaruka. Majani yakichelewa kufika kiwandani yanapata joto na kuharibika, kwa hiyo nyapara naye ana haraka. Anaita: "Shukeni wote, sukumeni!" Wachuma chai, wanaume kwa wanawake, wanaweka mabega nyuma ya lori.

Amri hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia. Lori lililokwama halitolewi kwa vifua vya watu. Hutolewa kwa sepeto na mbao mbili, na mbao hizo ni kifaa cha kazi ambacho mwajiri anapaswa kukitoa, kama anavyotoa gurudumu la akiba.

KWA NINI LORI LINAZAMA

Gurudumu husogeza lori kwa sababu mpira umeishika ardhi. Ardhi ikilowa, mpira unakosa pa kushika. Gurudumu linazunguka mahali pamoja, na kila likizunguka linachota matope na kuyatupa nyuma. Kwa hiyo kukanyaga mafuta zaidi hakulitoi lori, bali kunachimba shimo. Shimo likizidi, ekseli na difu hulala juu ya udongo, na uzito uliokuwa ukiyakandamiza magurudumu unabebwa na udongo huo. Hapo hata watu hamsini hawafui dafu.

Jambo la pili ni difu yenyewe. Katika lori la kawaida, gurudumu la upande mmoja likiteleza, ndilo linalozunguka, na lile la upande wa pili linasimama tu hata kama liko pakavu. Ndiyo maana mbao huwekwa mbili, kila upande ubao wake.

Jambo la tatu ni hesabu. Lori la tani 8 likikwama kwenye mlima unaopanda mita 1 katika kila mita 10, nguvu inayolivuta kurudi chini ni sawa na uzito wa kilo 800 hivi, bila kuhesabu matope. Anayesukuma kwa nyuma amesimama mahali ambapo lori hilo litapita likirudi, na miguu yake imo ndani ya matope. Hana pa kukimbilia.

MBAO SI JAMBO GENI

Katika miaka ya 1920 na 1930 ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Ralph Bagnold alisafiri kwa magari katika jangwa la Libya. Yeye na wenzake walibeba vipande virefu vya chuma, wakavilaza mbele ya magurudumu kila gari lilipozama mchangani. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha jeshi cha kusafiri jangwani, na malori yake yalibeba vyuma hivyo katika kila safari. Katika vita hivyo hivyo Wamarekani walitandika viwanja vya ndege kwa mabamba ya chuma yenye matundu, kila moja likiwa na urefu wa mita 3, upana wa sentimita 38 na uzito wa kilo 30 hivi. Baada ya vita madereva wengi waliyatumia mabamba hayo kukwamulia magari.

Siku hizi zinauzwa pia mbao za plastiki ngumu zenye meno. Ni nyepesi, lakini nyingi zimetengenezwa kwa magari madogo. Anayenunua kwa ajili ya lori aulize kwanza zinastahimili uzito gani.

Mahali pasipo na mbao za dukani, fundi wa shamba anaweza kuzitengeneza kwa mti mgumu. Urefu wa mita moja na nusu, upana unaozidi wa tairi kidogo, na unene wa sentimita 5 au zaidi, ni kipimo kizuri cha kuanzia. Juu zifungwe vipande vya mbao vya kukingama, ili mpira upate pa kushika. Vifungwe kwa bolti ambazo vichwa vyake vimezamishwa ndani ya ubao. Msitumie misumari, kwani ubao ukipasuka msumari hutoboa tairi au kuruka. Mashamba mengi yana mikaratusi ya kuni za kiwanda, kwa hiyo miti si tatizo.

NAMNA YA KUZITUMIA

1. Magurudumu yakianza kuteleza, dereva aache mafuta mara moja. Kila sekunde ya kuzungusha inaongeza kazi ya sepeto.

2. Watu wote washuke, na mzigo upunguzwe. Gunia la majani likishushwa leo linapakiwa tena leo, lakini mguu ukivunjika hauungwi leo. Dereva avute breki ya mkono, na kama ni mlimani, gogo au jiwe kubwa liwekwe nyuma ya gurudumu ili lori lisirudi.

3. Chimbeni kabla ya kuweka ubao. Kama lori linatoka kwa kwenda mbele, ondoeni matope mbele ya magurudumu yanayosukuma gari, yaani yale ya nyuma kwa malori mengi, mpaka ipatikane njia ya kupanda polepole kutoka shimoni. Ondoeni pia udongo uliogusa difu na ekseli, lakini kwa mpini mrefu. Mtu asiingie chini ya lori. Haraka ya kuruka hatua hii ndiyo inayowafanya wengi waseme kwamba mbao hazifai.

4. Sukumieni ncha ya ubao chini ya tairi kadiri inavyowezekana, meno yakiwa juu. Tairi ikanyage ubao tangu mwanzo. Ubao ukiwekwa mbali na tairi, gurudumu huusukuma mbele bila kuupanda. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha nyingine, ili ubao uonekane ukizama. Usiufunge kwenye lori.

5. Watu wote waondoke. Hapa tunaomba msomaji asome mara mbili. Gurudumu likiteleza juu ya ubao, laweza kuutupa nyuma au mbele kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Asibaki mtu nyuma ya lori wala mbele yake. Wote wasimame kando, mbali, upande wa juu kama ni mlimani. Mtu mmoja tu atoe ishara, naye asimame mahali ambapo dereva anamwona.

6. Dereva atie gia ndogo, afunge difu kama lori lina kifungio, aachie klachi taratibu na kukanyaga mafuta kidogo. Gogo liondolewe baada ya lori kusogea na kusimama pakavu, si kabla. Magurudumu yakianza kuzunguka bure juu ya mbao, aache. Meno ya plastiki huyeyuka, mti hutoa moshi. Chimbeni tena, wekeni tena.

7. Lori likishatoka lisisimame mpaka lifike penye ardhi ngumu. Ndipo mbao zifuatwe.

Tuongeze onyo moja. Mbao hizi hulala juu ya udongo, haziwi daraja. Zikiwekwa juu ya mtaro mtupu zitavunjika lori likiwa katikati.

HAKI YETU

Wenzetu wengine hutuuliza: kama bwana mkubwa hataki kununua mbao, tuchange? Jibu letu ni hapana. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama hupaswa kuziheshimu hata kama haijauridhia. Mkataba Na. 184 wa mwaka 2001, unaohusu kilimo, unampa mfanyakazi wa shamba haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, bila kuadhibiwa kwa sababu hiyo. Hapa Uganda iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake.

Yapo pia malipo. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Saa nzima aliyosimama matopeni hakuchuma hata jani moja, na jioni karatasi yake inaonyesha kilo pungufu. Kuchimba, kushusha magunia na kuyapakia tena ni kazi, na kazi ina ujira wake. Anayeumia katika kazi hiyo ameumia kazini, hata kama si kazi aliyoandikiwa. Ajali hiyo iandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na majina ya mashahidi.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa kila tawi wapeleke mambo matatu mezani kabla ya mvua zijazo. Kwanza, kila lori na kila trekta lenye tela libebe mbao mbili na masepeto mawili. Pili, madereva na utingo wafundishwe kuzitumia siku ya jua, si siku ya matope. Tatu, saa za kukwamua gari zilipwe.

Nyapara akiita tena "sukumeni", tumjibu kwa adabu na kwa sauti moja: "Mbao ziko wapi?" Mtu mmoja akisema hivyo ataitwa mkaidi. Tukisema wote, mbao zitanunuliwa.

Umoja ni nguvu.