Fahamu: Usaili wa mhandisi wa programu ukiwa Kisumu

Microsoft ilifungua kituo chake cha kuunda programu Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Kijana wa Kisumu aliyesoma Chuo Kikuu cha Maseno au shule ya programu ya Zone01 si lazima apande basi kwenda kusailiwa huko. Hatua nyingi hufanyika kwa video.

Usaili huanza na simu fupi, kisha mtihani wa kuandika programu. Hapo ndipo wengi huanguka. Unapewa swali, tuseme kutafuta namba inayojirudia katika orodha ndefu, msaili akikutazama. Wengi hunyamaza na kukimbilia kibodi, na kimya hicho huwaponza. Msaili anataka kusikia unavyofikiri: uliza ukubwa wa orodha, eleza njia rahisi, sema kwa nini ni ya polepole, ndipo uiboreshe. Kiingereza cha mbwembwe hakihitajiki hata kidogo.

Kampuni ikiwa San Francisco, saa tatu asubuhi yao ni saa moja au saa mbili usiku Kisumu, kutegemea msimu. Stima zikipotea, waandikie papo hapo uombe muda mwingine. Na usitaje mshahara unaotaka kabla ya kuuliza wenzako wa Nairobi wanalipwa pesa ngapi.