Fanksheni Kabidhiwa katika Dibaga: Dhana na Istilahi

Dibaga ni programu inayomwezesha mtaalamu kuichunguza programu nyingine inapotekelezwa, ili abaini chanzo cha hitilafu. Mojawapo ya zile mashuhuri ni GDB, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka wa 1986 chini ya mradi wa GNU. Dibaga huwa na data yake ya ndani, kama vile orodha ya nyuzi za utekelezaji na majedwali ya majina. Makala haya yanafafanua mbinu moja ya kuipitia data hiyo na kupendekeza istilahi yake.

Sehemu nyingi za dibaga huhitaji kuipitia orodha ya nyuzi. Iwapo kila sehemu itaandikiwa kitanzi chake, kila moja italazimika kuujua muundo wa orodha hiyo. Muundo ukibadilika, vitanzi vyote vitahitaji kurekebishwa.

Chukua mfano wa soko la Muthara, Tigania, kaunti ya Meru. Mnunuzi anatafuta kibunda cha miraa chenye sifa fulani. Muuzaji hamruhusu apekue shehena yake, bali humtaka amweleze sifa hizo. Kisha muuzaji mwenyewe hufungua majani ya mgomba, kibunda baada ya kibunda, akikipima kila kimoja kwa maelezo aliyopewa. Mnunuzi hahitaji kujua vibunda vimepangwaje, wala muuzaji hahitaji kujua vinatakiwa kwa nini.

Ndivyo ilivyo katika GDB. Fanksheni iitwayo iterate_over_threads ni muuzaji. Katika matoleo ya awali ilipokea vitu viwili: fanksheni nyingine, na kielekezi cha data ambayo fanksheni hiyo ingeihitaji. Huuchukua kila uzi na kuiita fanksheni iliyopewa. Jibu likiwa sifuri, huendelea na uzi unaofuata. Likiwa si sifuri, husita na kuurejesha uzi huo. Orodha ikimalizika pasipo jibu la namna hiyo, hurejesha kielekezi tupu.

Mbinu hii ina hatari yake. Fanksheni iliyopewa ikiufuta uzi unaochunguzwa, kiungo cha kuufikia uzi unaofuata nacho hupotea. Kwa hiyo mpitiaji hana budi kukihifadhi kiungo hicho kabla ya kuiita fanksheni. Aidha, msomaji wa msimbo hulazimika kuruka kutoka mahali pamoja hadi pengine ili kuifuata mantiki. Baada ya GDB kuanza kuandikwa kwa C++11, ambayo toleo la 8.0 la mwaka wa 2017 liliihitaji, baadhi ya vitanzi vya wazi vilirudi. Navyo pia huuficha muundo wa orodha.

Kwa Kiingereza, fanksheni inayotolewa namna hii huitwa callback. Tafsiri sisisi, mwito wa kurudi, hupotosha, kwani humfanya mwanafunzi adhani kwamba kuna mwito uliotangulia unaojibiwa. Kiini cha dhana hii ni kukabidhi: fanksheni hukabidhiwa mwenye data, naye huiita kwa wakati wake. Kwa sababu hiyo, istilahi fanksheni kabidhiwa inafaa zaidi. Muundo wake si mgeni katika sarufi. Wanaisimu wamekwisha kuzoea yambwa tendwa na yambwa tendewa. Istilahi inayobeba maana ya dhana humpunguzia mwanafunzi nusu ya safari ya kuielewa.